Anwani Aliyoitaja Bi Minobe Hekaluni

Kwa miaka thelathini na moja Bi Tsuneko Minobe alipanga barua za watu katika ofisi ya posta, na hakuna aliyemzidi Osaka nzima. Hayo ni maneno yake mwenyewe, lakini mimi nayaamini. Siku ya kwanza alipoingia mkahawani kwangu, kabla hata hajaagiza kahawa, aliniambia kwamba namba ya posta niliyoibandika mlangoni ina tarakimu moja iliyokosewa. Ilikuwa pale miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini barua za jumuiya ya mtaa hazinifikii, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kuona raha kutozipata.

Tangu siku ile tukawa marafiki, ikiwa rafiki ni mtu anayekukosoa kila asubuhi na kukulipa kahawa. Ana miaka sabini na mmoja, mfupi, mgongo umenyooka kama mtu aliyeambiwa asimame wima akiwa shule ya msingi na hajaambiwa apumzike. Mumewe alifariki miaka mitatu na nusu iliyopita. Hakuna mtu mtaani ambaye hajarekebishwa mwandiko na Bi Minobe, wakiwemo daktari wa meno na polisi wa kibanda cha kona.

Mkahawa wangu unatazamana na hekalu letu. Ni hekalu dogo la Kishinto, limebanwa kati ya duka la dawa na jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja, na nyuma yake treni hupita juu ya daraja kila baada ya dakika nne. Anayepita mbio huona lango jekundu tu, akadhani ni tangazo la duka la dawa. Lakini ukiinamisha kichwa ukapita chini ya lango lile, kelele hubaki nje. Sijui hubaki vipi, maana treni ni ileile na ukuta hakuna. Ndani mna mti mmoja mkubwa wa mkafuri, birika la mawe la kunawia mikono, mbweha wawili wa mawe waliofungwa vitambaa vyekundu shingoni, na kengele yenye kamba nene. Watu wa ofisini huja saa sita mchana, wakasimama dakika mbili, wakarudi kugombana na kompyuta zao. Sisi wa mtaani hupokezana kufagia. Jumatano ni zamu yangu, na mkafuri ule unaijua zamu yangu, kwa sababu Jumanne haudondoshi hata jani moja.

Bi Minobe huingia saa moja na dakika ishirini, mvua au jua. Hunawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, husukutua kinywa, huvuta kamba ya kengele, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili. Halafu, kabla ya kuomba chochote, hujitambulisha jina na anwani kama afanyavyo kila mtu mwenye adabu. Mungu wa hekalu la mjini ana watu wengi. Asipojua unakaa wapi, hizo baraka atazipeleka wapi? Wengi wetu hutaja jina na mtaa, basi. Bi Minobe huanza na namba ya posta.

Nilikuwa siyajui hayo zamani, maana dua husemwa moyoni. Lakini tangu mwaka juzi masikio yake yalianza kugoma, na mtu asiyesikia vizuri hajui mnong'ono wake una ukubwa gani. Polepole dua yake ikatoka moyoni ikaja midomoni, na Jumatano moja ya mwezi wa pili, baridi ikiuma masikio, ikanifikia mimi chini ya mkafuri nikiwa na ufagio. Ningeweza kusogea pembeni. Sikusogea.

"Ni Tsuneko Minobe," alisema, baada ya tarakimu zake saba, "wa mtaa wa Kusunoki, kitalu cha pili, kiwanja cha kumi na nne, nyumba namba sita. Naomba goti la kulia lipate nafuu. Naomba zawadi ya kwanza ya bahati nasibu ya barabara ya maduka, kama haina mwenyewe. Na Ryoichi arudi nyumbani."

Hilo la tatu alilisema kwa sauti nyingine. Mawili ya kwanza aliyasoma kama orodha ya sokoni, lakini la tatu lilimtoka kidogo kidogo, na akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Ryoichi ni mwanawe wa pekee. Alikuwa na kazi ya ofisini, tai na mshahara wa uhakika, na mwezi mmoja baada ya mazishi ya baba yake akatangaza kwamba anaacha kazi, anakwenda Hokkaido, kaskazini kabisa, kufuga ng'ombe na kutengeneza jibini. Bi Minobe alimfuata mpaka kizingitini akamwambia, "Heri baba yako amekufa, hakuyaona haya." Ulimi hauna mfupa. Ryoichi alivaa viatu vyake, akainama, akaondoka. Mama naye hakumwita. Ilikuwa miaka mitatu na ushei sasa, na kila mtu mtaani alijua kwamba usimtajie Bi Minobe maziwa, ndiyo maana mpaka leo anakunywa kahawa yake nyeusi, huku akikunja uso.

Basi nilikuwa nasikiliza dua nikisikitika, mara kitu kikanigonga kichwani. Namba sita?

"Dada," nikamwita alipogeuka, "umerudi lini nyumba ya zamani?"

"Nyumba ipi?"

"Namba sita."

"Nimeiuza hiyo, inakaribia miaka miwili. Wewe mwenyewe ulinisaidia kubeba masufuria, ukapoteza vifuniko viwili."

"Kimoja."

"Viwili, Fusae. Nimenunua vingine."

"Haya, viwili. Sasa kwa nini unamwambia mungu unakaa kule?"

Akaniangalia kwa yale macho ya kukosoa mwandiko. "Nimesema namba sita?"

"Na namba ya posta juu yake."

"Iliishia na ngapi?"

"Tatu."

Akakaa kwenye ukingo wa jiwe, taratibu, goti likilalamika. "Tatu ni ya zamani," akasema.

Nimeona watu wakiumbuka, maana nina mkahawa, lakini sijapata kuona mtu kuumbuka namna ile. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu alikuwa amejikata sikio kabisa. Aliishi namba sita miaka arobaini na minne. Ngazi zilipomshinda akauza, akahamia chumba cha ghorofa ya nne katika jengo jipya, mwendo wa dakika nane tu kutoka hapo. Miguu yake ilihama na vyombo vyake vilihama. Mdomo ulibaki na mazoea yake, na kila asubuhi ulikwenda mbele ya mungu ukasoma anwani ya watu wengine.

"Siku mia saba," akasema. "Mia saba na kitu. Kazini ukipeleka barua tatu pasipo pake, unaitwa ofisini kwa bosi."

"Mungu anajua alipo mtu wake," nikasema, ili kumfariji. "Hahitaji namba."

"Kama anajua, tunamtajia ya nini?"

Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

"Halafu lile jengo," akaendelea kwa uchungu, "lina jina refu la Kifaransa. Nitalitamkaje mbele ya wale mbweha? Watanicheka."

Ndipo kuhani wetu akaingia akikokota pikipiki yake. Anaitwa Asahina, ana miaka thelathini na minne, mahekalu saba na pikipiki moja, kwa hiyo kwetu huja Jumatano na sikukuu. Bi Minobe hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia ya chuma.

"Bwana kuhani, mungu wetu ana huduma ya kuelekeza?"

"Kuelekeza nini, mama?"

"Mtu akihama. Posta ukijaza fomu, barua zako zinakufuata kwako kupya mwaka mzima. Mwaka ukiisha, zinarudishwa kwa aliyeziandika. Hapa utaratibu ukoje?"

Kuhani alivua kofia polepole sana, kama mtu anayetafuta muda. Nikamweleza mkasa wote, kwa sababu Bi Minobe angeueleza kwa lugha ya posta mpaka saa sita.

"Chuoni hatukufundishwa hilo," akasema mwishowe.

"Mlifundishwa nini basi?"

"Kufagia, mama. Na kughani dua." Akajikuna kidevu. "Ninavyoelewa mimi, mungu wa hapa ni wa mtaa. Ukimwambia namba sita, ataangalia namba sita. Hana sababu ya kudhani kwamba mtu wa posta amekosea."

Ilikuwa sifa, lakini ilimchoma Bi Minobe kuliko tusi.

"Kwa hiyo zilifika," akasema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Zilifika. Ila zimepokelewa na mtu mwingine." Akasimama, goti liume lisiume. "Barua ikifika nyumba isiyo yake haiwi mali ya aliyeipokea. Ndivyo sheria ilivyo. Nakwenda kuangalia."

Kuhani alinitazama akiomba msaada. Alikosea kunichagua mimi. Nilikuwa tayari nimeegemeza ufagio kwenye mkafuri. Nilivuka barabara, nikabandika karatasi ya "narudi sasa hivi" mlangoni, nikamfuata. Nilimwambia naenda kumshika mkono kwenye ngazi. Nilienda kwa udaku.

Njiani ilibidi tupite duka la vitamu, maana mtu hapigi hodi kwa watu mikono mitupu, hata kama anakwenda kudai chake. Tulibishana juu ya ukubwa wa sanduku la keki za mchele zenye maharage matamu. Mimi nilisema sita zinatosha. Yeye alisema sita ni za kuomba radhi, na anayedai haki yake huenda na kumi na mbili. Mwenye duka alituangalia tukimaliza, akafunga kumi na mbili.

Tukiwa tunasubiri taa ya kuvukia, nikamuuliza lile lililokuwa likinikereketa tangu hekaluni.

"Dada, Ryoichi anajua kwamba umehama?"

Akajifanya hasikii. Hiyo ndiyo faida ya masikio mabovu, yanachagua. Nikamwinamia sikioni nikarudia.

"Anayeondoka ndiye anayepiga simu," akasema.

"Apige wapi? Si uliikata ile ya mezani?"

Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki.

"Aliniandikia," akasema Bi Minobe akiangalia upande wa pili wa barabara. "Kadi ya mwaka mpya, mwaka jana. Ilielekezwa kutoka namba sita, wakati ule fomu yangu bado inafanya kazi. Picha ya ndama. Na mstari mmoja: 'Mama, u mzima?' Mstari mmoja, Fusae. Kama mtu anayejaza fomu hospitali."

"Ukamjibu nini?"

"Nimeandika majibu kumi na tisa. Yote mwandiko mzuri."

"Ukapeleka lipi?"

Nilitaka kumgombeza, na maneno nilikuwa nayo mengi, maana hasira zangu ziko karibu. Lakini niliona jinsi alivyolikumbatia lile sanduku la keki kifuani kwa mikono miwili, nikayameza. Mtu aliyeshika barua za nusu ya jiji kwa miaka thelathini na moja alishindwa kupeleka moja yake. Na mwaka huu, nikapiga hesabu kimoyomoyo, fomu ilikuwa imekwisha muda. Kama kijana aliandika tena, kadi yake imerudishwa Hokkaido na muhuri wa kwamba mpokeaji hayupo.

Nyumba namba sita ilikuwa imepakwa rangi mpya. Ukutani, mahali pa kibao cha Minobe, palikuwa na kibao cha Hironaka. Bi Minobe alikiangalia kwa muda, akasema mwandiko si mbaya, akabonyeza kengele.

Alifungua mwanamke kijana, vidole vina unga, nywele zimefungwa kwa mpira wa jikoni. Jina lake Chisato. Nyumba waliinunua kwa dalali, kwa hiyo hakuwa amewahi kumwona mwenyewe wa zamani. Bi Minobe aliinama, akatoa sanduku kwa mikono miwili, akasema yeye ni mtu wa mtaani, amepita tu kuwajulia hali. Hakutaja jina. Mpelelezi hajitangazi. Chisato akainama zaidi, akasema hakustahili, Bi Minobe akasema ni kitu kidogo tu, Chisato akasema hapana, kwa kweli. Hilo liliendelea kiasi chake. Mwishoni tukajikuta tumeketi kwenye hatua ya ukumbi wa kuvulia viatu, kila mmoja na kikombe cha chai.

"Tangu mhamie hapa," akaanza Bi Minobe kwa sauti ya mjumbe wa sensa, "mambo yanaendaje?"

"Mama, mimi hata naogopa kusema," akasema Chisato. "Ni bahati juu ya bahati. Mama mkwe wangu alikuja mwaka jana na fimbo, hawezi kupanda hata ukingo wa barabara. Alikaa wiki mbili. Alivyoondoka aliisahau fimbo yake, ile pale kwenye miavuli. Hajaiulizia mpaka leo."

"Goti?"

"Goti."

"Lipi?"

"La kulia."

Nikapaliwa na chai. Bi Minobe hakunitazama.

"Na bahati nasibu ya barabara ya maduka," akasema, "mlicheza?"

Chisato akatumbua macho. "Umejuaje? Desemba, zawadi ya kwanza. Siku mbili kwenye chemchemi za maji moto, Arima, na chakula cha jioni juu yake."

"Maji yalikuwaje?" akauliza Bi Minobe, kama mtu anayeuliza marehemu alisema nini mwishoni.

"Mazuri sana, mama."

"Nashukuru kusikia."

Nilitazama kikombe changu ili nisicheke. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Hekalu nalifagia kwa sababu ni zamu yangu, na mungu namsalimia kwa sababu ni jirani. Lakini goti la kulia lilinifanya nikae sawa. Na bado kulikuwa na dua ya tatu, ambayo Bi Minobe hakuthubutu kuiulizia. Alikizungusha kikombe mikononi, akakizungusha tena, akasema kwamba sasa tumewachosha watu, twende.

"Dada," nikamnong'oneza, "uliza."

"Sina la kuuliza."

"Basi nitauliza mimi." Nikamgeukia Chisato. "Huyu ni Bi Minobe. Ndiye aliyekuwa akikaa hapa."

Chisato aliweka chai yake chini. Aliinuka, akaenda jikoni haraka mpaka kandambili moja ikamtoka, na tukasikia sumaku ikibanduliwa kwenye jokofu. Alirudi na kipande cha karatasi, akampa Bi Minobe kwa mikono miwili.

"Kuna mtu alikuja," akasema. "Jumapili, wiki mbili zilizopita. Mrefu, mashavu mekundu kwa baridi. Nilimwona kupitia dirisha amesimama mbele ya kibao chetu muda mrefu, nikadhani anauza kitu. Akasema aliandika kadi ya mwaka mpya ikarudi. Akaniuliza kama aliyekuwa akikaa hapa amefariki."

"Ukamwambia nini?" nikauliza mimi.

"Nikasema sijui. Kweli sikujua. Akakaa hapo hapo alipokaa mama sasa hivi. Akaomba maji. Alisema ana ndege jioni, ng'ombe hawana likizo, lakini ataomba ruhusa nyingine aje kuulizia serikali ya mtaa. Akaacha namba. Nikampigia dalali kesho yake, akasema habari za mteja hazitolewi. Nimekasirika mpaka leo."

Bi Minobe alikuwa anaisoma ile karatasi. Zilikuwa tarakimu kumi na moja na jina, lakini aliisoma kama barua ndefu.

"Alikunywa yale maji?" akauliza.

"Glasi mbili, mama."

"Alikuwa na koti?"

"Alikuwa nalo. La kufanyia kazi."

Akatikisa kichwa, kuonyesha amesikia. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kila asubuhi mwanamke huyu alikuwa ameomba kijana wake arudi nyumbani, na nyumbani alipotaja palikuwa hapa. Kijana alikuja. Alishika njia kutoka upande wa pili wa nchi, akafika mahali hasa alipoagiziwa, akakuta mama yake hayupo.

"Nitampigia jioni," akasema Bi Minobe, akianza kukunja karatasi. "Saa hizi yuko kazini."

"Utampigia sasa."

"Usinisukume, Fusae."

"Nakusukuma. Miaka mitatu unasubiri mwenzio aanze. Ameanza. Amepanda ndege, amekaa hapo hapo, akadhani umekufa. Wiki mbili nzima hajui kama ana mama. Mtaka cha mvunguni huinama, dada. Wewe unataka cha mvunguni kitoke kikusalimie."

Chisato aliangalia sakafu kwa adabu. Nilijua nimevuka mpaka, na kwa kawaida Bi Minobe angenirudisha nyuma ya mpaka huo kwa neno moja tu. Hakulisema. Alitoa miwani, akatoa simu yake ya kukunja, aliyoinunua baada ya kuhama, akabonyeza tarakimu moja moja akizitamka. Alipofika mwisho alizilinganisha zote na karatasi, kisha akazilinganisha tena. Kwa sababu ya masikio, simu yake imewekwa sauti ya juu kabisa. Ndiyo maana haya mengine sikuyadukua, yalitangazwa.

Iliita mara tano.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamume, na nyuma yake ng'ombe akalia.

Bi Minobe aliinama mara mbili mbele ya simu, kama yuko hekaluni.

"Haloo? Nani?"

"Ni Minobe," akasema. "Tsuneko."

Ng'ombe alilia tena. Kisha tukasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Mama?"

"Mzima. Uliuliza kwenye kadi. Mzima, ila goti."

"Mama, uko wapi? Nilikuja. Nikakuta ukutani jina la watu wengine."

"Nilihama. Niko dakika nane kutoka hapo. Sikukwambia." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakusubiri uulize."

"Nimeuliza. Nilimwuliza dada mmoja mwenye unga mikononi."

"Najua. Nimeketi mlangoni kwake. Amesema ulikunywa glasi mbili."

Nilimwona Bi Minobe akiangalia kizingiti cha ule ukumbi, pale viatu vinapovuliwa. Pale ndipo aliposimama siku ile akasema lile neno. Alikivuta kitambaa cha shingoni kikawa sawa, mgongo ukanyooka kuliko kawaida yake.

"Ryoichi. Yale niliyosema, ya baba yako. Nilikosea."

Mimi namjua mwanamke huyu miaka tisa. Amekosoa mlango wangu, menyu yangu, vifuniko vyangu, na sijapata kusikia neno lile kinywani mwake likimhusu yeye.

Ng'ombe alikuwa anatafuna, tulimsikia kila tafuno.

"Mama," akasema Ryoichi, "huku mtandao haushiki vizuri. Umesemaje?"

Chisato aliziba mdomo kwa mkono wenye unga. Bi Minobe aliniangalia, akaangalia dari, na nikaona anajua vizuri kabisa anachofanyiwa.

"Nimesema nilikosea," akarudia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ya tatu hupati."

"Basi, mama, inatosha," akasema Ryoichi, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Hata ile ya kwanza niliisikia."